Kuhawilisha Riwaya ya Kifalsafa kuwa Filamu ya Vijana: Kusadikika ya Shaaban Robert katika Mandhari ya Singida

Ikisiri

Makala hii inaeleza tatizo linalomkabili msanii anayekusudia kuhawilisha riwaya ya kifalsafa kuwa filamu ya vijana. Mfano mkuu ni Kusadikika (1951) ya Shaaban Robert, na mandhari inayopendekezwa kwa upigaji picha ni mkoa wa Singida. Hoja ya msingi ni kwamba ugumu wa kazi hii hautokani na uhaba wa matukio wala ugeni wa nchi ya kubuni. Unatokana na tofauti iliyopo baina ya namna neno linavyoaminiwa na namna picha inavyoaminiwa. Katika riwaya, safari za wajumbe sita ni ushahidi unaotoka kinywani mwa mshtakiwa, na msomaji hulazimika kuupima. Safari hizo zikionyeshwa kwa picha za kawaida zinageuka kuwa ukweli usiohitaji kupimwa. Baada ya kulinganisha filamu kadhaa zilizotokana na riwaya, makala inapendekeza njia ya kuulinda ushahidi usipoteze hadhi yake ya ushahidi, kwa kutumia baraza, miamba na mtindo wa michoro ya miambani ya Tanzania ya kati.

Maneno makuu: uhawilishaji, riwaya ya kifalsafa, filamu ya vijana, Kusadikika, Singida

1.0 Utangulizi

Kusadikika ilichapishwa mwaka 1951, Tanganyika ikiwa bado chini ya udhamini wa Uingereza. Mwandishi wake, Shaaban Robert (1909–1962), alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni, na nchi aliyoibuni haimo katika ramani yoyote, inaelea angani. Humo Karama anashtakiwa mbele ya Mfalme na baraza lake kwa kosa la kuanzisha mafunzo ya uanasheria. Mshtaki wake ni Waziri Majivuno. Utetezi wa Karama unajengwa kwa masimulizi ya wajumbe sita, yaani Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni, Ridhaa na Amini, waliotumwa pande nne za dunia, mbinguni na ardhini ili watafute mambo ya kuifaa nchi yao. Waliporudi, walilipwa adhabu mahali pa shukrani. Mwishowe Karama anaachiwa huru, na wajumbe nao wanafunguliwa.

Riwaya hii haikuandikwa kwa ajili ya vijana peke yao. Hata hivyo, kwa kuwa imesomwa shuleni kwa miongo mingi, vijana ndio waliokuwa sehemu kubwa ya wasomaji wake. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, ulioanza mwaka 2004, ulieneza shule za sekondari katika kata nyingi nchini, zikiwamo za Singida, na hivyo kupanua hadhira inayokutana na fasihi ya Kiswahili kupitia darasa. Lakini mara nyingi mwanafunzi huzijua kazi za namna hii kwanza kupitia vitabu vya mwongozo, ambamo dhamira, ujumbe na sifa za wahusika vimekwisha kuorodheshwa. Hapo jibu humfikia kabla hajakutana na swali. Filamu inaweza kuurudia upungufu huo kwa ukubwa zaidi, au inaweza kuurekebisha. Sehemu zinazofuata zinaeleza ni kwa masharti gani inaweza kuurekebisha.

2.0 Dhana ya uhawilishaji

Uhawilishaji, kwa maana inayotumika hapa, ni kuihamisha kazi ya sanaa kutoka katika umbo moja kwenda katika umbo jingine, kwa namna ambayo hadhira inaweza kuutambua uhusiano wa kazi hizo mbili. Bluestone (1957) alisisitiza kwamba riwaya na filamu ni sanaa zenye nyenzo tofauti: riwaya hujengwa kwa dhana zinazoundwa akilini, filamu kwa vitu vinavyoonekana. McFarlane (1996) alitenganisha vipengele vinavyoweza kuhamishwa moja kwa moja, kama vile mfuatano wa matukio makuu, na vile vinavyohitaji kutafutiwa visawe katika sanaa mpya, kama vile sauti na mtazamo wa msimulizi. Hutcheon (2006) aliupanua mjadala kwa kuonyesha kwamba kutoka riwaya hadi filamu ni kutoka katika kusimulia kwenda katika kuonyesha, na kwamba kila moja ya njia hizo huishirikisha hadhira kwa namna yake. Kwa upande wake, Stam aliikosoa tabia ya kuihukumu filamu kwa kigezo cha uaminifu peke yake, kana kwamba riwaya ina kiini kimoja ambacho filamu hukipata au hukikosa.

Maelezo hayo yanasaidia, lakini riwaya ya kifalsafa inadai swali la ziada. Katika riwaya ya mapenzi au ya upelelezi, tukio lenyewe ndilo linalobeba sehemu kubwa ya maana. Katika riwaya ya kifalsafa, maana hubebwa na tendo la kufikiri ambalo msomaji analazimika kulifanya akiwa katikati ya matukio. Kwa hiyo kinachopaswa kutafutiwa kisawe katika filamu si wazo lililotamkwa na mhusika. Ni hali inayomlazimisha mpokeaji alipime wazo hilo.

3.0 Filamu inayofundisha na filamu inayouliza

Katika Tanzania, filamu kwa ajili ya wanaojifunza ina historia ambayo mhawilishaji hana budi kuijua. Kati ya mwaka 1935 na 1937, mradi wa majaribio wa sinema ya elimu uliogharimiwa na Shirika la Carnegie uliendeshwa kutoka Vugiri, katika milima ya Usambara, chini ya L. A. Notcutt na G. C. Latham. Filamu zake zilihusu kilimo, afya na mambo mengine ambayo watawala waliyaona ya manufaa, na zilizungushwa kwa gari la sinema katika maeneo mbalimbali ya Afrika Mashariki na ya Kati. Baadaye William Sellers, wa Kitengo cha Filamu cha Makoloni, alitetea msimamo kwamba mtazamaji wa Kiafrika anahitaji picha ndefu, mwendo wa polepole na hadithi isiyo na mizunguko. Msimamo huo ulimchukulia mtazamaji kuwa mtu wa kuelekezwa, asiyeweza kushiriki katika kuamua.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950, yaani katika kipindi kilekile ambacho Kusadikika ilitoka, zilitengenezwa Tanganyika filamu za Kiswahili kama Muhogo Mchungu, ambayo mwigizaji wake mkuu alikuwa Rashidi Kawawa, baadaye Waziri Mkuu. Filamu hizo zilisimulia hadithi zenye funzo. Ni jambo la kuzingatiwa kwamba wakati filamu ilikuwa ikimwonyesha kijana njia ya kufuata, Shaaban Robert alikuwa akiandika kitabu ambacho msomaji wake anaketishwa barazani na kuachwa asikilize pande mbili. Mtu anayeihawilisha riwaya hiyo kwa namna ya filamu za mafunzo atakuwa ameirudisha kazi ya Shaaban Robert katika mkondo ambao haukuwa wake.

Filamu ya Vuta N'kuvute (2021), iliyoongozwa na Amil Shivji kutokana na riwaya ya Shafi Adam Shafi (1999), imeonyesha kwamba riwaya ya Kiswahili inaweza kuhawilishwa pasipo kuwa somo. Filamu hiyo ilionyeshwa katika Tamasha la Filamu la Toronto na ikateuliwa kuiwakilisha Tanzania katika kinyang'anyiro cha tuzo za Oscar. Imeikusanya riwaya pana katika uhusiano wa Yasmin na Denge, na imeyaacha mengi yasemwe na mwanga, vichochoro na ukimya. Lakini Vuta N'kuvute ina Zanzibar halisi ya miaka ya 1950 ya kuegemea. Kusadikika haina mji wala mwaka, na kwa sababu hiyo mfano wa filamu hiyo hautoshi.

4.0 Mafunzo kutoka riwaya mbili za kifalsafa

Riwaya mbili maarufu za kifalsafa zinazosomwa na vijana duniani zinaonyesha njia mbili tofauti. Ya kwanza ni Sofies verden ya Jostein Gaarder (1991), iliyofanywa filamu na Erik Gustavson mwaka 1999. Katika riwaya, msichana Sofie anapokea barua zenye maswali, na kila swali huachwa limsumbue kabla ya maelezo kufika. Filamu iliyapa uzito matukio na mandhari ya zama za historia. Kilichopungua ni muda wa kusubiri. Mtazamaji hufikishwa kwenye zama za mwanafalsafa kabla swali la mwanafalsafa huyo halijawa swali lake mwenyewe.

Ya pili ni Le Petit Prince ya Antoine de Saint-Exupéry (1943), ambayo wasomaji wa Kiswahili wanaijua kwa tafsiri ya Mwana Mdogo wa Mfalme, iliyochapishwa na Mkuki na Nyota. Filamu ya Mark Osborne (2015) iliongeza hadithi ya nje: msichana wa leo anayesimuliwa habari za mwana wa mfalme na jirani yake mzee. Hadithi ya msichana ilitengenezwa kwa uhuishaji wa kompyuta. Hadithi inayosimuliwa ilitengenezwa kwa vikaragosi vilivyosogezwa kidogokidogo na kupigwa picha moja moja. Kwa hiyo jicho la mtazamaji linatambua wakati wote kipi kinaishiwa na kipi kinasimuliwa. Nyongeza ya msichana inaweza kujadiliwa, hasa kwa kuwa inaielekeza hadithi kwenye hitimisho lililo wazi kuliko la kitabu. Lakini uamuzi wa kutumia maunzi mawili tofauti ndio unaohusu moja kwa moja tatizo la Kusadikika.

5.0 Tatizo la ushahidi katika Kusadikika

Neno kusadikika linatokana na kusadiki, na maana yake ni kuweza kuaminiwa. Jina la nchi hiyo, kwa hiyo, ni swali: ni nini kinachofanya neno la mtu listahili kuaminiwa? Riwaya nzima imejengwa juu ya swali hilo. Majivuno ana cheo, na neno lake huaminiwa kwa sababu ya cheo. Karama hana cheo. Ana masimulizi tu, na masimulizi hayo yanawahusu watu ambao baraza lenyewe liliwahi kuwatia hatiani. Kila anapomtaja mjumbe mmoja, analitaka baraza liipime upya hukumu yake lenyewe. Msomaji naye hana njia nyingine ya kuzijua safari hizo ila kupitia kinywa cha mshtakiwa.

Hapa ndipo filamu inapoweza kuiharibu hoja bila kubadili hata tukio moja. Njia ya kawaida ya kuonyesha masimulizi ya mhusika ni kuikata picha ya barazani na kuingiza picha ya jambo linalosimuliwa. Mtazamaji akishamwona Buruhani akisafiri, akifika na kurudi, hana tena sababu ya kujiuliza kama Karama anasema kweli. Kamera imekwisha kutoa ushahidi kwa niaba yake. Majivuno anakuwa mwongo tangu dakika za mwanzo, baraza linaonekana kuwa kundi la wajinga, na kesi inageuka kuwa ngoja-ngoja ya hukumu inayojulikana. Matukio yote yamo, majina yote yamo, lakini tendo la kupima limetoweka.

Tatizo la pili linatokana na majina ya wahusika. Katika maandishi, jina Majivuno linafanya kazi ya istiara: linataja tabia kabla ya kutaja mtu. Katika filamu, Majivuno ni mtu mwenye uso, mavazi na lafudhi. Iwapo mwigizaji ataigiza jina, yaani atajivuna katika kila onyesho, vijana watamcheka na kumpuuza. Iwapo ataigiza mtu anayeamini kwa dhati kwamba mafunzo ya sheria yataivuruga nchi, jina lake litabaki kuwa hukumu ambayo mtazamaji anaweza kuikubali au kuikataa. Njia hii ya pili inampa Karama mpinzani wa kweli, na inampa kijana kesi ya kweli ya kuamua.

6.0 Kwa nini Singida

6.1 Mahali panapoonekana bila kutajwa

Kamera haiwezi kupiga picha mahali pasipo mahali. Hata nchi iliyo angani lazima iwe na udongo, mwanga na upeo wa macho. Singida inafaa kwa sababu mandhari yake haijazoeleka sana katika filamu za Tanzania, ambazo nyingi zimeegemea Dar es Salaam na pwani. Mtazamaji hatakuwa na jina la mtaa la kulikimbilia. Mawe makubwa ya matale yaliyolaliana kuzunguka mji wa Singida, mengine yakionekana kama yamewekwa juu ya mengine kwa mkono, yanatoa taswira ya nchi isiyoshikwa na ardhi bila kuhitaji ufundi ghali wa kompyuta. Maziwa ya chumvi ya Singidani na Kindai, maji yanapotulia, huakisi anga kiasi cha kuufanya mstari wa upeo upotee. Ukingo wa Bonde la Ufa upande wa Manyoni na mteremko wa Sekenke kuelekea mbuga za Wembere humwezesha mpiga picha kuitazama nchi kutoka juu kama inavyotazamwa kutoka angani.

Sharti moja ni lazima lizingatiwe. Mahali paonekane lakini pasitajwe. Vibao vya barabara, majina ya shule, sare na mabango yaondolewe katika picha. Nyumba za tembe, ambazo ni sehemu ya ujenzi wa jadi wa Tanzania ya kati, zinaweza kuwa ua wa baraza, lakini zisitumike kumaanisha kwamba Kusadikika ni nchi ya Wanyaturu, Wanyiramba au Wagogo. Shaaban Robert aliificha nchi yake ili kila nchi ijione humo. Filamu ikiipa kabila, kila mtazamaji asiye wa kabila hilo atakuwa amepewa ruhusa ya kusema kuwa kesi haimhusu.

6.2 Safari za wajumbe katika mtindo wa michoro

Ili ushahidi ubaki kuwa ushahidi, makala inapendekeza maunzi mawili. Maonyesho ya barazani yapigwe picha kwa waigizaji na mandhari halisi. Safari za wajumbe zisionyeshwe kwa waigizaji, bali kwa michoro inayosogea. Tanzania ya kati ina urithi mkubwa wa michoro ya miambani. Iliyo maarufu zaidi ni ya Kondoa, iliyoingizwa na UNESCO katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006, na Singida nayo ina maeneo yenye michoro ya aina hiyo. Maumbo marefu ya watu na wanyama kwa rangi nyekundu na nyeupe yanaweza kutoa msamiati wa picha ambao kijana wa Singida ataweza kuuhusisha na mazingira yake.

Faida ya mtindo huu ni ya kifalsafa kabla ya kuwa ya gharama. Mchoro hujitangaza kuwa mchoro. Anayeutazama anajua kuwa kuna mkono uliochora, kama vile anayemsikiliza Karama anavyojua kuwa kuna kinywa kinachosimulia. Zaidi ya hayo, mchoro unaweza kubishaniwa. Majivuno anapomkatiza Karama, umbo linaweza kusimama, likafutwa nusu, au likachorwa upya kwa namna anavyodai yeye. Kwa njia hiyo mgogoro wa barazani unaonekana ndani ya picha yenyewe, na mtazamaji anaona safari moja ikiwa na sura mbili.

Mpaka wa pendekezo hili uwekwe wazi. Miamba yenye michoro ni urithi unaolindwa, na baadhi ya maeneo ya namna hiyo bado yana heshima ya kimila kwa wenyeji. Haifai kuchora juu ya mwamba wowote wa urithi, wala kuiga alama mahususi bila kujua maana yake. Michoro ya filamu iundwe upya kwenye mbao au karatasi, ikichukua mtindo bila kunakili kazi.

6.3 Lugha

Kiswahili cha Shaaban Robert kina sentensi ndefu zenye mizani, methali na ulinganifu. Kuifupisha yote ili ifanane na mazungumzo ya mtaani ni kuiondoa silaha pekee ya Karama, ambaye hana askari wala cheo. Kuibakiza yote ni kumchosha mtazamaji asiyeweza kurudi nyuma na kusoma tena. Njia ya kati ni kugawa lugha kwa wahusika. Karama abaki na sentensi ndefu pale anapojenga hoja, lakini kila hoja ifuatwe na ukimya ambamo kamera inawatazama wasikilizaji. Majivuno atumie lugha ya cheo, yenye kauli zilizozoeleka. Umati uzungumze Kiswahili cha kila siku. Wengi wa vijana wa mkoa huu hukua na Kinyaturu, Kinyiramba au lugha nyingine nyumbani, na Kiswahili sanifu hukutana nacho zaidi shuleni. Kwao tofauti ya ngazi za lugha si jambo geni. Wanajua tayari kwamba namna ya kusema huamua nani anasikilizwa.

Wasikilizaji hao ndio nafasi halali ya nyongeza. Wahusika wenye majina katika kesi hii ni wanaume kwa sehemu kubwa, na filamu ya vijana haiwezi kulipuuza hilo. Badala ya kumbuni msichana wa leo anayesimuliwa kitabu, kama ilivyofanyika mwaka 2015, inatosha kuwaweka wasichana na wavulana katika umati wa baraza na kuifanya kamera irejee kwao. Hawana haja ya kusema mengi. Nyuso zao zikibadilika siku hadi siku, mtazamaji wa rika lao atakuwa na mahali pa kusimama.

6.4 Hali za kazi

Singida ina msimu mmoja wa mvua, kwa kawaida kuanzia mwishoni mwa mwaka hadi Aprili. Kiangazi kinafaa kwa kupiga picha, lakini huja na upepo ambao mkoa huu unajulikana kwao. Filamu inayotegemea hoja za mdomo inahitaji sauti safi, hivyo maonyesho ya baraza yapangwe ndani ya ua uliozungukwa na miamba au kuta za tembe. Kwa upande wa taratibu, Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Na. 4 ya mwaka 1976 na marekebisho yake inadai kibali cha kutengeneza filamu, na mswada huwasilishwa Bodi ya Filamu. Mhawilishaji aufafanue mswada wake kama kazi ya istiara tangu mwanzo.

7.0 Pingamizi na hitimisho

Inaweza kupingwa kwamba filamu yenye baraza moja, hotuba ndefu na michoro itawachosha vijana waliozoea kasi ya video za simu. Pingamizi hili lina uzito, lakini limebeba dhana ileile ya Sellers, kwamba hadhira fulani haiwezi kufuata jambo zito. Kesi ni miongoni mwa maumbo ya hadithi yenye mvuto mkubwa, kwa sababu kila msikilizaji wa kesi huwa hakimu. Kinachochosha ni kesi ambayo hukumu yake imekwisha kutolewa na kamera.

Pingamizi jingine linahusu mwisho. Katika riwaya, haki inapatikana kwa sababu Mfalme amekubali kusikiliza. Msomaji makini anabaki na swali: je, ingekuwaje kama asingekubali? Ni swali hilohilo lililomfanya Karama atake sheria ifundishwe, ili haki isitegemee hiari ya mtu mmoja. Filamu isilifunike swali hilo kwa shangwe na muziki wa ushindi. Kwa matumizi ya shule, inapendekezwa filamu igawanywe ili iweze kusimamishwa baada ya utetezi wa mwisho na kabla ya hukumu, wanafunzi wajadili na kuamua, ndipo sehemu iliyobaki ionyeshwe.

Kwa muhtasari, uhawilishaji wa Kusadikika usipimwe kwa wingi wa matukio yaliyobakizwa wala kwa uzuri wa mandhari. Upimwe kwa jambo linaloweza kuchunguzwa darasani: kama wanafunzi waliotazama filamu wanaweza kutofautiana kuhusu kesi ya Karama na kila upande ukatoa sababu kutoka katika yale waliyoyaona na kuyasikia. Wakikubaliana wote bila mjadala, filamu itakuwa imewapa jibu la kitabu cha mwongozo kwa rangi na sauti. Wakibishana, itakuwa imewarudisha mahali ambapo Shaaban Robert alimweka msomaji wake mwaka 1951, yaani barazani, mbele ya mtu ambaye neno lake bado linasubiri kusadikiwa.